Injini Imegoma Kuachana na Giaboksi: Tafuta Kinachoshika Kabla ya Kushika Mtaimbo

Bolti zote zimefunguliwa, cheni bloku imekaza, fundi na wasaidizi wake wanatikisa, na bado injini haitoki kwenye giaboksi. Hali hii inawakuta wengi wenye magari ya michezo ya zamani. Kinachofuata mara nyingi ni mtaimbo, kisha sauti ya alumini kupasuka, kisha safari ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta giaboksi nyingine. Yote hayo yanaepukika. Injini na giaboksi havigandani bila sababu: kuna kitu kinachovishika, na mara nyingi ni kimoja kati ya vitano au sita vinavyojulikana. Makala haya yanaeleza namna ya kukitambua na kukiachisha bila kuvunja kitu.

Mfano wetu mkuu ni Subaru Impreza yenye turbo, toleo la kwanza lililotengenezwa kuanzia mwaka 1992 hadi 2000. Ni gari lenye wapenzi wengi Afrika Mashariki, na mapenzi hayo hayakuanzia barazani. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mbio za magari mwaka 1995, 1996 na 1997. Katika Safari Rally ya Kenya, Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Kizazi kilichotangulia kilikuwa na Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Impreza za toleo lile sasa zina zaidi ya miaka 25 na Datsun zina zaidi ya 50. Kwa umri huo, kilichoungana kiwandani hakiachani kirahisi.

Kwa nini Morogoro ni kazi zaidi

Chukua gari lililolazwa uani katika Kata ya Mzinga, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Masika ya Machi hadi Mei yanalilowesha, vuli inarudia mwishoni mwa mwaka, na kati ya misimu hiyo kuna umande wa usiku unaoshuka kutoka mlimani. Maji hayo yanatambaa hadi kwenye mshono wa injini na giaboksi na kukaa humo. Mshono ule haujazibwa kama mshono wa oili. Umebanwa tu uso kwa uso, na ndani yake mna nafasi kubwa ya klachi inayopitisha hewa na unyevu.

Kuna jambo la pili. Ganda la giaboksi ni la alumini, na kwenye Subaru bloku ya injini nayo ni ya alumini, lakini pini zinazozilinganisha ni za chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo tundu linajaa na pini inabanwa pande zote. Gari lililokaa Tanga, Unguja au Mombasa kabla ya kupandishwa bara huongezewa chumvi ya bahari, na kazi hiyo huenda haraka zaidi. Injini za mitumba zinazofika zimeshikana na giaboksi zake, au ndani ya sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa, nazo huwa zimesafiri baharini. Usishangae zikigoma hata kama hazijakaa nje siku moja.

Usalama kwanza

Injini ya silinda nne yenye turbo ina uzito unaozidi kilo 100. Tawi la mwembe si mahali pa kuining'iniza. Tumia kreni ya injini, au stendi ya bomba nene za chuma yenye miguu mitatu au minne, pamoja na cheni bloku iliyoandikwa uzito inaoubeba. Gari likiinuliwa, likae juu ya stendi za chuma pande zote mbili, na matairi yanayobaki chini yawekwe vigingi. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, fanya haya:

1. Punguza presha ya petroli. Toa fyuzi au rilei ya pampu ya petroli, washa gari, liache lizime lenyewe. Kama gari haliwaki, fungua mpira wa petroli taratibu huku umeuzungushia kitambaa, na chombo kiwe chini yake.
2. Ondoa waya wa betri, ukianza na hasi.
3. Mwaga maji ya radieta injini ikiwa imepoa, na mwaga oili kwenye beseni.
4. Usikate mabomba ya gesi ya AC. Fungua kompresa kwenye injini na uifunge pembeni kwa kamba ikiwa bado na mabomba yake.
5. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa waya na mipira ya upepo. Weka bolti katika makopo tofauti na uandike kila kopo ni la wapi.
6. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu, au ndoo ya mchanga mkavu. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Ukishatoa radieta, feni, bomba za turbo, eksozi na waya, ndipo ufike kwenye mshono wenyewe.

Vinavyosahaulika

Injini nyingi zinazodaiwa kuganda zimeshikwa na kitu ambacho hakijafunguliwa. Kabla ya kulaumu kutu, zunguka mshono wote kwa tochi na kioo kidogo, ukianzia juu kabisa na kurudi pale pale, na ushike kila tundu la bolti kwa kidole. Hesabu matundu, kisha hesabu bolti zilizo kwenye kopo. Hesabu zikitofautiana, acha kuvuta.

Kwenye Impreza kagua haya:

Bolti za stata. Stata iko juu, upande wa nyuma wa injini. Katika magari mengi bolti ya stata ndiyo hiyo hiyo inayobana injini na giaboksi, kwa hiyo kuiacha ni kuacha mshono umefungwa.

Nati za chini. Kuna nati mbili kwenye stadi, na hufikiwa kutoka chini ya gari. Matope na grisi ya zamani huzifunika zikaonekana kama sehemu ya ganda.

Nondo fupi ya juu. Inaunganisha sehemu ya juu ya giaboksi na ukuta wa kabini ili injini isiyumbe. Kama haijatolewa, giaboksi haiinamiki na mkao wa kuvutia haupatikani.

Nati za mauntingi. Ziko chini ya injini, zikiikalisha kwenye fremu. Injini ikiinuka upande mmoja na mwingine ukabaki, nati moja bado imeshika.

Waya wa bodi na vishikizo vya mabomba. Kipande kidogo cha bati kinachoshika bomba la maji kinaweza kufungwa kwa bolti ile ile ya mshono. Hakina nguvu ya kuzuia injini, lakini kina uwezo wa kuipeleka upande na kuifanya ijikaze.

Soma mwanya

Injini ikishikwa vizuri na kreni, na giaboksi ikiwa imewekewa jeki chini yake, vuta kidogo na utazame mshono. Ukubwa na umbo la mwanya unaofunguka vitakuambia ni nini kinachoshika. Chukua rula ndogo, pima juu, chini, kushoto na kulia, kisha uandike.

Hakuna mwanya popote. Kuna bolti iliyobaki, au pini zote mbili zimeshika kutu. Rudia kuhesabu matundu kwanza.

Mwanya uko chini tu, au juu tu. Upande usiofunguka una bolti, au pini yake imeshika. Inawezekana pia injini imeinuliwa sana au imeshushwa sana kuliko giaboksi. Rekebisha kreni na jeki mpaka nyuso mbili ziwe sambamba, ndipo uvute tena.

Mwanya unafunguka sawasawa kote, kama sentimita moja au zaidi, kisha unarudi kama unavutwa na springi. Hiyo ni dalili ya klachi ya kuvuta. Uma wa klachi bado umeshika beringi.

Mwanya umefunguka vizuri kwa sentimita kadhaa, kisha umesimama kabisa. Pini zimeshaachia. Kinachoshika sasa ni shafti ya giaboksi ndani ya pleti ya klachi, ama kwa kutu, ama kwa sababu injini imekaa mshazari.

Gari ni otomatiki na kuna kitu kizito kinatoka pamoja na injini. Hujafungua bolti za konveta. Simama hapo hapo.

Kila jibu lina tiba yake, na tiba ya moja huharibu nyingine. Anayepiga kabari kwenye klachi ya kuvuta anapinda uma. Anayetafuta uma wakati pini ndiyo iliyoshika anapoteza siku nzima.

Pini zilizoshika kutu

Pini za kulinganisha ni fupi, lakini zikibanwa na unga wa alumini hushika kuliko bolti. Jambo linalohitajika hapa ni muda, mafuta na usawa.

Safisha mshono kwa brashi ya waya hadi uone mstari safi kati ya injini na giaboksi. Pulizia mafuta ya kufungulia kutu, yale ya kopo, mahali pini zilipo. Kama mwanya mdogo tayari upo, elekeza mrija wa kopo ndani yake. Pulizia jioni, acha usiku kucha, rudia asubuhi. Dizeli nayo hupenya ikipewa muda mrefu zaidi. Petroli haifai: inakauka haraka, hailainishi, na mvuke wake ni hatari.

Baada ya kulowesha, gongagonga ganda karibu na pini kwa nyundo ya mpira au ya plastiki. Lengo la kugonga huku ni kutikisa unga ili mafuta yaingie, kwa hiyo piga mara nyingi kwa nguvu ndogo. Nyundo ya chuma moja kwa moja kwenye alumini huacha ufa ambao utauona siku gari limerudi barabarani.

Joto linasaidia kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kiwango kile kile cha joto. Ukipasha sehemu ya ganda inayoizunguka pini, tundu hukua kuliko pini yenyewe. Tumia mashine ya kupuliza hewa moto, au mimina maji ya moto kwenye sehemu hiyo, kisha ikikauka uongeze mafuta ya kutu. Moto wa gesi usiutumie. Mabomba ya petroli yako karibu, mafuta ya kutu yanashika moto, na alumini hailegei kwa kuiva kama chuma cha fremu. Inapoteza uimara wake bila kukuonyesha rangi yoyote.

Kisha kabari. Tengeneza kabari mbili nyembamba za mbao ngumu au za alumini. Ziweke pande mbili zinazotazamana, kushoto na kulia, mahali ganda ni nene karibu na matundu ya bolti. Gonga moja kidogo, hamia nyingine, rudi kwenye ya kwanza. Pima kwa rula kila baada ya mapigo machache, na usiruhusu upande mmoja uutangulie mwingine kwa zaidi ya milimita moja au mbili. Mtoto wa meza ukimvuta kwa kona moja hukwama, na pini mbili ndani ya matundu yake hufanya vivyo hivyo. Upande mmoja ukitangulia sana, gonga urudi na uanze upya.

Kabla hujaanza kupiga kabari, rudisha bolti mbili kwa mkono, zishike nyuzi chache tu na ziache mwanya wa sentimita moja au mbili. Pini ikiachia ghafla, bolti hizo huizuia injini kuruka mbele na kumgonga mtu. Mwanya ukiwa sawasawa na injini ikicheza kwa mkono, zitoe na uendelee.

Mtaimbo usiingie kwenye mshono hata mara moja. Ncha yake inaegemea eneo dogo mno, na masikio ya ganda la giaboksi hayakuumbwa kubeba nguvu ya kupindwa. Sikio likikatika, ganda zima hubadilishwa, au huchomelewa na fundi wa alumini ambaye si rahisi kumpata kila mahali.

Klachi ya kuvuta

Sehemu hii ndiyo inayowakwamisha wengi wanaoifungua Impreza yenye turbo kwa mara ya kwanza. Katika klachi ya kawaida, ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya presha pleti kuelekea kwenye injini. Giaboksi ikivutwa nyuma, beringi inatoka nayo bila shida. Impreza nyingi zisizo na turbo zina mpangilio huo.

Impreza zenye turbo na gia tano za mkono hufanya kinyume. Beringi imenaswa kwenye vidole vya presha pleti na uma unaivuta kuelekea kwenye giaboksi. Kwa kuwa presha pleti imefungwa kwenye injini na uma umefungwa kwenye giaboksi, mashine mbili zimeunganishwa na ndoana ambayo huioni kutoka nje. Baadhi ya Nissan Skyline GT-R na Mazda RX-7 za miaka ya 1990 zina mpangilio wa namna hii pia.

Tiba yake haihitaji nguvu:

1. Toa silinda ndogo ya klachi iliyo juu ya giaboksi na uifunge pembeni. Kuanzia hapo mtu asikanyage pedali ya klachi.
2. Tafuta kizibo kilicho ubavuni mwa ganda la giaboksi, usawa wa uma. Kinafunguliwa kwa spana ya pembe sita ya milimita 10.
3. Ndani ya tundu hilo kuna shafti ambayo uma unageukia. Kichwa chake kina nyuzi. Ingiza bolti ya milimita 6, ikaze kwa mkono, kisha uivute shafti itoke.
4. Uma ukishalegea, usukume na kuutikisa hadi uachie masikio ya beringi.

Shafti nayo huweza kushika kutu. Ilowanishe kwa mafuta, na kama haitoki kwa mkono, weka bomba fupi na washa juu ya tundu, kisha ukaze nati kwenye bolti ndefu ya milimita 6 ili iivute polepole. Uma ukishaachia, ule mwanya uliokuwa ukirudi kama springi utabaki wazi.

Pleti iliyoganda kwenye shafti

Gari likilala miaka bila kuwashwa, kutu hujenga kati ya meno ya shafti ya giaboksi na kitovu cha pleti ya klachi. Mashine zinafunguka kwa sentimita kadhaa, kisha zinasimama.

Kagua mkao kwanza. Pima mwanya pande nne. Ukiwa mkubwa upande mmoja kuliko mwingine, rekebisha mkao wa injini au giaboksi kidogo kidogo mpaka vipimo vilingane. Mara nyingi kinachoonekana kuwa kutu ni shafti iliyolaliwa na uzito wa injini. Weka spana kwenye puli ya krenki na uizungushe injini taratibu mbele na nyuma huku msaidizi akivuta. Kama giaboksi iko kwenye gia, meno yatasuguana na kutu italegea.

Ikikataa, pulizia mafuta ya kutu kupitia tundu la stata au mwanya wa mshono, ukielekeza katikati ya klachi. Pleti itaharibika kwa mafuta hayo, lakini pleti iliyoshika kutu kiasi hicho ni ya kutupwa hata hivyo.

Njia ya mwisho ni kufungua bolti za presha pleti kutoka kwenye flaiwili kupitia tundu la ukaguzi, kwa magari yaliyo nalo na yenye nafasi ya spana. Zungusha krenki, legeza kila bolti mzunguko mmoja mmoja kwa zamu, mpaka zote zitoke. Injini itaondoka na flaiwili yake, na klachi nzima itabaki kwenye shafti ya giaboksi, ambako utaishughulikia ukiwa na nafasi.

Usiiache giaboksi ikining'inia kwenye shafti wakati wowote. Uzito wake hupinda kitovu cha pleti na huumiza beringi ya mbele.

Gari la otomatiki

Kwenye otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna konveta, bakuli kubwa la chuma lililojaa oili ya giaboksi, na limefungwa kwa bolti kwenye bamba jembamba linalozunguka na krenki. Bolti hizo zinafikiwa moja moja kupitia tundu dogo, ukizungusha krenki kwa spana. Zifungue zote kabla ya kutenganisha, kisha usukume konveta ibaki upande wa giaboksi.

Ikitoka na injini, itamwaga oili na inaweza kuharibu sili na pampu ya giaboksi. Wakati wa kurudisha, iingize ukiizungusha mpaka ikae mwisho kabisa kwenye pampu. Ikibaki nje kidogo na bolti zikakazwa, pampu inapasuka kabla gari halijatoka uani.

Datsun, Celica na Altezza

Magari yenye injini mbele na nguvu nyuma, kama Datsun 240Z, Toyota Celica za zamani na Toyota Altezza, hufunguliwa kwa namna nyingine. Hapa ni kawaida kushusha giaboksi na kuiacha injini ndani. Propela inatolewa kwanza, na tundu la nyuma la giaboksi lizibwe ili oili isimwagike.

Kinachokwamisha zaidi ni bolti za juu, zilizofichwa kati ya giaboksi na ukuta wa kabini. Kwa injini ndefu ya silinda sita kama ya 240Z, iachie giaboksi ishuke kidogo kwa nyuma, injini iiname, na utazifikia kwa soketi yenye ekstensheni ndefu na kiungo kinachopinda. Weka mbao na jeki chini ya injini kabla hujafungua mauntingi ya giaboksi, la sivyo injini italala nyuma na kuvunja vitu vilivyo karibu na ukuta wa kabini.

Bloku ya 240Z ni ya chuma cha kalibu na ganda la giaboksi ni alumini, kwa hiyo unga mweupe utaukuta upande wa giaboksi tu. Elekeza mafuta na joto huko.

Zikishaachana

Kazi iliyofanyika ni kubwa mno kuirudia kwa sababu ya kipuri cha bei ndogo. Badilisha pleti ya klachi kama imechoka au imelowa mafuta, rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, na sili ya nyuma ya krenki kama inavuja. Kagua meno ya flaiwili na masikio yote ya ganda.

Pini zisafishe kwa msasa laini mpaka zing'ae, futa unga ndani ya matundu, kisha upake grisi ya shaba kidogo. Hatua hii ndiyo itakayomwokoa fundi atakayefungua gari hilo miaka kumi ijayo. Kwenye meno ya shafti paka grisi ya joto kali, tabaka jembamba tu. Ikizidi, itarushwa kwenye pleti mpya na klachi itateleza.

Wakati wa kurudisha, linganisha pleti kwa kifaa chake cha plastiki au kwa shafti chakavu ya giaboksi ya aina hiyo. Nyuso mbili zikutane kwa mikono, bila bolti kuzivuta. Kama mwanya wa sentimita moja umebaki na haufungi, pleti haijalingana au pini hazijaelekea matundu yake. Kuulazimisha kwa bolti ndiko kunakovunja masikio ya giaboksi nyingi zilizonusurika wakati wa kutoa. Bolti zote zianze kwa vidole, zikazwe kwa zamu, na zimaliziwe kwa spana ya kipimo kwa kiwango kilicho kwenye kitabu cha gari lako.

Oili na Mto Mzinga

Kazi hii humwaga lita kadhaa za oili ya injini, oili ya giaboksi na maji ya radieta yenye sumu. Mto Mzinga unatiririka kutoka Uluguru hadi Bwawa la Mindu, ambalo ni chanzo kikubwa cha maji ya wakazi wa Manispaa ya Morogoro. Bwawa hilo liko kwenye Mto Ngerengere, nao unaingia Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Oili ikimwagwa mtaroni Mzinga, haiishii mtaroni.

Kinga oili yote kwenye beseni, ijaze kwenye madumu yenye vifuniko, na uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Maji ya radieta yana ladha tamu inayovutia mbwa na watoto, na yanaua. Yawekwe kwenye dumu lake, mbali na vyombo vya nyumbani.

Kuzungumza na fundi

Wengi wetu hatutafungua injini wenyewe. Tutampelekea fundi, na hapo mwenye gari ana wajibu wake. Kabla ya kukabidhi ufunguo, muulize fundi maswali matatu. Je, klachi ya gari hili ni ya kusukuma au ya kuvuta? Pini za kulinganisha ziko wapi, nazo zikishika atazitoaje? Injini na giaboksi vitashikwa na nini wakati wa kutenganisha? Anayeyajibu bila kubabaika ameshaifanya kazi hii. Anayejibu kwamba itajulikana huko mbele anaomba kujifunzia kwenye gari lako.

Andikianeni bei ya kazi, vipuri vitakavyonunuliwa, na nani atalipa ganda likivunjika. Mpe muda. Fundi aliyeahidi kumaliza siku moja hatakuwa na subira ya kulowesha pini usiku kucha. Kijana anayetaka kujifunza ufundi huu kwa mpangilio ana Chuo cha VETA Kihonda hapo hapo Morogoro, na akitoka huko akae chini ya fundi mzee aliyezoea magari ya aina moja.

Gari la zamani linahitaji mwenye subira. Kwa hiyo mwenye gari, siku fundi akikuambia injini imeganda, mwambie asivute tena mpaka akuonyeshe mwanya kwa rula na akutajie kinachoshika. Akishindwa kukitaja, mtaimbo ubaki stoo.